Ulanguzi uliofichwa ndani ya diski

Mlanguzi anajulikana. Wananchi wa Tanzania walimwona kwa macho yao mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni zikiwa zimefichwa uvunguni ilhali foleni inazunguka duka, na serikali ilipomwandama mwaka 1983 hakuna aliyehitaji kamusi ili aelewe kosa lake. Kosa lake lilikuwa kuifungia bidhaa iliyopo, ili mwenye shida alipe zaidi, angoje zaidi, kisha amshukuru mwenye ufunguo. Lakini yupo mlanguzi mwingine ambaye hajapata kuandamwa na mgambo yeyote. Ofisi zake zipo Hollywood na Tokyo. Ghala lake ni diski nyembamba ya plastiki, na kufuli lake hupelekwa nyumbani na mnunuzi mwenyewe, baada ya kulilipia.

Mfano mmoja watosha. Mtu wa Unguja mwenye ndugu Muscat aletewa diski ya DVD iliyonunuliwa dukani kwa fedha halali, risiti ikiwemo. Aitia katika deki yake, nayo ni deki ya kampuni yenye jina, aliyoinunua kwa wakala kwa bei isiyo ya mchezo. Picha haitoki. Linatokea tangazo kwamba diski hiyo haiwezi kuchezwa katika eneo hili. Diski ni nzima, deki ni nzima, na umeme, kwa bahati, upo. Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichonakiliwa, hakuna mwigizaji wala mwandishi aliyepunjwa hata senti moja. Kilichotokea ni kwamba Oman imepewa namba 2 na Tanzania imepewa namba 5, na wenye makampuni ya filamu wameamua kwamba mwenye namba 5 hana ruhusa ya kutazama kilichouzwa kwa mwenye namba 2.

Ramani hiyo yafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa haikuchorwa na bunge lolote wala na Umoja wa Mataifa. Diski za DVD zilipoanza kuuzwa, Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997, makampuni makubwa ya filamu yalikuwa yamekwisha kuigawa dunia katika maeneo sita, mbali na namba ya pekee iliyotengewa ndege na meli. Marekani na Kanada zikajipa namba 1. Sehemu kubwa ya Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati zikapewa namba 2. Afrika ikatupwa katika namba 5 pamoja na Urusi, India, Mongolia na Korea ya Kaskazini. Tena si Afrika yote. Misri na Afrika ya Kusini zilichomolewa, pamoja na Lesotho na Swaziland, zikawekwa katika kundi la Ulaya. Mwafrika aliyesoma habari za mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na mikataba ya mipaka iliyofuata, anaijua kalamu hiyo. Wakati ule mstari ulipita katikati ya Wamasai na katikati ya Wamakonde. Safari hii umepita kati ya mtu wa Unguja na nduguye wa Muscat.

Huenda wakatokea wataalamu wakasema kwamba hata zamani za kanda za video mgawanyiko ulikuwepo. Ni kweli. Kanda iliyorekodiwa Marekani kwa mfumo wa NTSC haikuonekana ipasavyo katika deki ya mfumo wa PAL iliyotumika Tanzania. Walakini ule ulikuwa urithi wa wahandisi wa nchi mbalimbali waliotengeneza televisheni zao kila mmoja kwa njia yake, na deki zenye uwezo wa kusoma mifumo yote zilitengenezwa na kuuzwa mchana kweupe bila ya mtu kuziita chombo cha wizi. Namba za DVD ni jambo jingine kabisa. Mashine ina uwezo wa kuisoma diski, imeamriwa isiisome.

Na sababu iliyotolewa ni ipi? Yasemekana filamu huonyeshwa kwanza katika majumba ya sinema ya Marekani, kisha katika nchi nyingine miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo diski za Marekani zikivuka bahari mapema zitaua biashara ya sinema huko ziendako. Sinema ipi? Kufikia 1997 majumba mengi ya sinema ya Tanzania yalikuwa yamekwisha kufunga milango, viti vimeng'olewa na popo wamehamia. Tena filamu iliyotengenezwa mwaka 1950, ambayo haingojewi na jumba lolote duniani, nayo ilitiwa namba vile vile. Ukweli wenyewe ni bei. Dunia ikishagawanywa, bidhaa ile ile yaweza kuuzwa kwa bei hii hapa na kwa bei ile kule, na mlaji asipate njia ya kwenda kununua palipo nafuu. Hata mamlaka ya ushindani ya Australia, nchi isiyoweza kushukiwa kuwa na mapenzi na ujamaa, ililalamikia mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hapo ndipo unafiki wa mabepari unapojivua nguo. Nchi maskini zilipobanwa katika miaka ya 1980, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilihubiriwa usiku na mchana kwamba mipaka ni adui wa maendeleo, kwamba bidhaa iachwe ipite, kwamba soko likiwa huru mlaji atafaidi. Milango ikafunguliwa. Viwanda vya nguo na vya viatu vikafa na mafundi wake wakarudi vijijini. Kisha waliohubiri soko huria wakajijengea ukuta wao wenyewe, nao hauzuii bidhaa ya mshindani. Unamzuia mlaji asijinunulie bidhaa yao wenyewe kwa mlango wa pili. Soko huria limekuwa huru kwa muuzaji peke yake.

Ni vyema ikasemwa, kwa haki, kwamba si wafanyabiashara wote wa filamu walioifuata njia hiyo. Filamu nyingi za Kihindi, ambazo watu wa pwani wamezipenda tangu enzi za babu zao, ziliuzwa katika diski zisizo na mipaka, zikachezwa Bombay, Mombasa na Dubai bila ya kuulizwa pasi. Biashara hiyo haikufa kwa sababu hiyo.

Tabia ya kumtilia mlaji kufuli haikuanza na DVD. Chimbuko lake ni kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 1976, mwaka mmoja tu baada ya kampuni ya Sony ya Japani kutoa deki ya Betamax, yenye uwezo wa kurekodi kipindi cha televisheni ili mtu akitazame atakapotoka kazini. Makampuni ya Universal na Walt Disney yaliishitaki Sony, yakidai kwamba mtu anayerekodi kipindi sebuleni kwake ni mwizi na mtengenezaji wa deki ni mshirika wake. Yalishindwa mwaka 1979, yakashinda katika rufani mwaka 1981, na mwaka 1982 msemaji mkuu wa wenye filamu, Jack Valenti, alisimama mbele ya Bunge la Marekani akailinganisha deki ya video na muuaji wa Boston aliyekuwa akiwanyonga wanawake walio peke yao majumbani. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba raia anayerekodi kipindi ili akitazame baadaye hana kosa, na aliyemuuzia deki hana kosa.

Je, muuaji alimnyonga nani? Kabla ya miaka kumi hiyo kwisha makampuni yale yale yalikuwa yakivuna fedha nyingi zaidi kutokana na kanda za video kuliko zile zilizotoka katika majumba ya sinema. Chombo walichotaka kipigwe marufuku ndicho kilichowanenepesha. Mtu mwenye soni angekiri kwamba alikosea. Bepari wa filamu, kwa kuwa ameshindwa mahakamani, alikwenda kwa fundi.

Fundi alimpa hila inayoitwa Macrovision, iliyoanza kutiwa katika kanda za filamu mwaka 1985. Namna ilivyofanya kazi yastahili kuelezwa, kwani ndani yake mna picha kamili ya fikra za wenye kuitumia. Kila deki ya kurekodia ina kifaa kinachopima nguvu ya mawimbi ya picha, yakizidi kiyapunguze, yakipungua kiyaongeze, ili picha itoke sawa. Upimaji huo hufanyika katika mistari ambayo mtazamaji haioni, juu ya ukingo wa picha. Katika mistari hiyo Macrovision hupachika mapigo ya uongo yenye nguvu nyingi. Deki hudanganyika, ikapunguza picha nzima, kisha ikaongeza, ikapunguza tena. Nakala hutoka ikififia na kung'aa kama taa ya kibatari penye upepo. Kwa maneno mengine, mlaji aliuziwa kanda iliyotiwa uongo makusudi, ili mashine yake nyingine aliyoinunua kwa fedha zake ipotoshwe.

Na walioumia ni akina nani? Mwizi mwenye biashara alinunua kisanduku cha kuyafuta mapigo hayo akaendelea na shughuli zake. Aliyeumia ni mwananchi mwenye televisheni ya zamani isiyo na tundu jingine ila la antena. Huyu alipopata deki ya DVD hakuwa na njia ila kuipitishia katika deki yake ya video ili picha ifike kwenye televisheni. Hakurekodi kitu, wala kanda hakuweka. Lakini kwa kuwa hila hiyo ilitiwa katika deki za DVD pia, picha ilififia na kung'aa mbele ya watoto wake jioni nzima, naye akadhani ameuziwa mashine mbovu. Hata hivyo, sheria ya Marekani ya 1998 iliamuru kwamba deki zote za video za kawaida zitakazotengenezwa au kuuzwa huko zilazimike kuutii uongo huo. Mtengenezaji ambaye angetoa deki isiyodanganyika angekuwa mvunja sheria.

Sheria hiyo ya 1998 ilikwenda mbali zaidi ya hapo, na nchi nyingi zikashawishiwa kuiga mfano wake. Iligeuza kulifungua kufuli kuwa kosa linalojitegemea, hata kama aliyelifungua hakukusudia kuiba kitu. Mahakama ilikuwa imesema mwaka 1984 kwamba raia ana haki fulani sebuleni kwake. Sasa makampuni yalipata njia ya kuifuta haki hiyo bila ya kurudi mahakamani, kwa kulitia kufuli jambo lililo halali na kisha kuharamisha ufunguo. Nchini Norway kijana wa miaka 15, Jon Lech Johansen, alishiriki mwaka 1999 kutoa programu ya kufungua kufuli la DVD, akieleza kwamba yalihitajika ili diski zitazamwe katika kompyuta zisizotumia mfumo wa Microsoft wala wa Apple. Polisi walifika nyumbani kwake. Akashitakiwa. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na mahakama ya rufani ikamwachia tena Desemba mwaka huo huo, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuwa mwizi kwa kuivunja kufuli ya mali yake.

Na Sony, shujaa wa 1984? Mwaka 1989 iliinunua kampuni ya filamu ya Columbia. Tangu hapo iliyekuwa ikitetea haki ya kurekodi ikawa na kitu cha kulinda upande wa pili wa ua, na mwaka 2005 kampuni ya muziki aliyoimiliki kwa ubia ilikutwa ikiuza diski za muziki ambazo, zikitiwa katika kompyuta, hujipandikizia programu ya siri ya kumchunga mwenye kompyuta. Diski hizo zilibidi zirudishwe kwa kelele za walaji. Hakuna ajabu katika habari hiyo kwa mtu anayejua tabaka ni nini. Haki ya mlaji ilitetewa na tajiri kwa muda ule tu tajiri alipokuwa na deki za kuuza.

Watetezi wa kufuli wana hoja moja yenye uzito, nayo haipaswi kupitwa kimya: msanii anaibiwa. Katika Tanzania anaibiwa kweli kweli. Waigizaji na waongozaji wa filamu za Kiswahili, waliojenga soko zima kwa diski za VCD tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wameona kazi zao zikiuzwa barabarani siku chache baada ya kutoka, na wengi wamezeeka au kufariki bila ya kuwa na nyumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, ilitungwa kwa ajili yao, na mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa katika diski za muziki na filamu ili nakala halali ijulikane. Hayo ni mapambano ya haki. Lakini na itazamwe ni nani hasa aliyewaibia. Ni mwenye mashine ya kudurufu maelfu ya diski kwa usiku mmoja. Ni msambazaji anayeinunua kazi kwa fedha kidogo mara moja tu, kisha akaiuza miaka kumi. Mama wa Manzese aliyemwazima jirani yake diski hakumfilisi msanii yeyote. Kufuli, kwa maumbile yake, haliwezi kumkamata mwenye mashine, kwa maana yeye huivunja mara moja na nakala zake zote elfu hutoka zikiwa wazi. Linamkamata mama yule tu.

Tena mlaji mwaminifu huadhibiwa kwa uaminifu wake. Anayetia diski halali hulazimishwa kutazama onyo refu dhidi ya wizi, na kitufe cha kulipita huwa kimezimwa. Aliyenunua diski ya wizi haonyeshwi onyo hilo. Mwizi amekwisha kulikata. Yaani anayehubiriwa ni yule aliyekuja msikitini, na aliyebaki barazani anapumzika.

Liko jambo jingine linalozihusu nchi za Kiswahili peke yake, na halijazungumzwa vya kutosha. Diski moja ya DVD ina nafasi ya sauti za lugha 8 na maandishi ya lugha 32. Kukikuta Kiswahili humo ni jambo la nadra mno, ingawa wanaokisema ni makumi ya mamilioni. Pengo hilo lilizibwa na wafasiri wa mabanda ya video, kama Lufufu aliyevuma Tanzania, wanaochukua filamu ya Kichina au ya Kimarekani wakaisimulia upya kwa Kiswahili chenye methali na mzaha, hata bibi asiyejua neno la Kiingereza akacheka na kulia pamoja na wajukuu. Kisheria kazi hiyo ina utata wake, na mwenye filamu ana haki ya kudai sehemu yake. Lakini mwalimu wa sekondari anayetaka kutia maandishi ya Kiswahili katika filamu ya elimu aliyoinunua kwa fedha ya shule hana utata wowote, naye kufuli humfungia mlango ule ule. Mtunza maktaba mwenye kanda zinazooza yuko katika hali hiyo hiyo. Kampuni ya Funai ya Japani ilikoma kutengeneza deki za video mwaka 2016, na kanda haingoji. Unyevu wa pwani na ukungu hauna adabu. Iliyotiwa Macrovision haihamishwi kwa njia ya kawaida, hata kama mwenye kuitia mapigo yale alikwisha kuisahau filamu hiyo zamani.

Sasa diski nazo zinaondoka. Sony ilikoma Februari 2025 kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia, na filamu hufika kwa mtandao, kwa kifurushi cha simu. Kufuli halihitaji tena kuwekwa ndani ya nyumba ya mlaji, kwani bidhaa yenyewe haiingii nyumbani. Mwaka 2022 wateja wa Ujerumani na Austria walioziita zao filamu walizozinunua katika duka la PlayStation waliarifiwa kwamba filamu za kampuni moja ya Ufaransa zitaondolewa katika maktaba zao, kwa sababu mkataba kati ya wakubwa wawili umekwisha. Hata mlanguzi wa 1983 hakupata kurudi usiku kuichukua sukari aliyokwisha kuiuza.

Nchi za Afrika Mashariki zinazotunga na kurekebisha sheria zake za hakimiliki hazilazimiki kuyameza yote hayo. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa 1996, unaotajwa kila mara kama sababu ya kulinda kufuli, unazungumzia vizuizi vinavyozuia matendo ambayo mwandishi hakuyaruhusu wala sheria haikuyaruhusu. Kutazama diski iliyonunuliwa Muscat si tendo la namna hiyo, wala kuihamisha kanda inayooza ya maktaba. Bunge laweza kuandika wazi kwamba kulifungua kufuli kwa ajili ya jambo lililo halali si kosa, na kwamba deki itakayouzwa nchini haitafungwa kwa namba ya eneo. Jimbo la California, nyumbani kwa Hollywood kwenyewe, limewalazimisha wauzaji wa mtandao tangu tarehe 1 Januari 2025 wasitumie neno la kununua pasipo kumweleza mteja kwamba anachopewa ni ruhusa tu, na kwamba ruhusa hiyo yaweza kuondolewa. Mlaji wa Tanga anayelipa kwa simu yake anastahili kuandikiwa maneno hayo hayo, kwa Kiswahili, kabla hajabonyeza.